Pumziko la Nani? Tunavyopanga Safari ya Familia Kwenda Lushoto



Ndugu zangu katika imani, habari imeshavuja. Ni kweli, mwezi Juni in shaa Allah shule zikifungwa, mimi na familia yangu tutafunga nyumba hapa Mabamba twende Lushoto, milima ya Usambara, tukapumzike. Hatuendi kwenye msiba wala hospitali, na sijaalikwa kutoa mhadhara. Tunaenda kupumzika. Nimesikia maswali barazani na mengine yameletwa kwenye simu yangu: Ustadhi anaenda kutalii kwa pesa za nani? Je, si israfu? Huko kwa watalii mtakula nini? Nimeona niyajibu yote hapa kwa urefu, kwa sababu najua wako wengi wenu mnaotamani jambo hili na hamjui mlianzie wapi, na wengine mnadhani dini inalikataza.

Nianze na pesa, maana ndipo penye ulimi wa watu. Pesa ya madrasa iko kwa mweka hazina na daftari lake liko wazi, aje anayetaka kulisoma. Ya safari imetoka kwenye maharage ya misimu miwili na mbuzi wawili. Deni nililokuwa nalo dukani nimelilipa kwanza, kwa sababu si halali mtu apande basi na mkewe huku anayemdai anamwona dirishani. Kama una deni lililofika muda wake, ndugu yangu, hiyo ndiyo safari yako ya kwanza: nenda dukani ukalipe. Na kama una mtu unayemlisha, mzazi au yatima, mwachie chakula cha siku zote utakazokuwa haupo, na cha ziada.

Baada ya hapo, kinachobaki ni chako. Allah katika Suratul A'raf ametuhalalishia kula na kunywa na kujipamba, na akakataza kupita kiasi. Kipimo ni kiasi. Nami nashangaa kidogo. Mtu anachangia sherehe, ananunua sare ya kitambaa atakachovaa jioni moja, anakodi muziki ambao yeye mwenyewe anajua hukumu yake, na hakuna anayekuja kuniuliza kama ni israfu. Akisema atamtoa mkewe na mama yake siku chache wakaone ardhi ya Allah, hapo ndipo fatwa inatafutwa usiku usiku.

Sasa niwaambie jambo lilivyoanza. Mama Sumaya ameishi nami miaka 16. Katika miaka hiyo ametoka nje ya wilaya ya Kibondo mara tano. Tatu ni misiba, mbili ni kumpeleka mtoto hospitali ya rufaa. Nyumba yangu mnaijua, haipungui wanafunzi, na sufuria la uji haliishi mafiga. Mwaka jana nilimuuliza, kama Allah akitupa uwezo wa kusafiri, angependa kuona nini? Bahari? Dar es Salaam? Alifikiri, akasema: "Baba Sumaya, mimi nataka asubuhi moja nisiwashe moto."

Hakutaja mji wowote.

Ndugu yangu, ukitaka kupanga mapumziko ya familia, swali la kwanza si unaenda wapi. Swali ni pumziko la nani? Nimeona familia zinakwenda kutembea, mume anakaa kivulini na simu, watoto wanacheza, na mama wa watu amehamisha tu jiko kutoka nyumbani kwake kwenda mahali asipojua kuni zilipo. Yule hajapumzika, amesafirishwa na kazi zake.

Salman al-Farisi, Allah amridhie, alimkuta nduguye Abu Dardai amezama kwenye ibada, anafunga mchana na kusimama usiku, hata mkewe ameacha kujipamba. Akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahli yake ina haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Hadithi hiyo iko kwa Bukhari, na sisi masheikh tunaisoma sana. Kuifanyia kazi ndani ya nyumba zetu ni jambo jingine. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akitaka kusafiri anapiga kura baina ya wakeze ni nani atoke naye. Safarini huko huko alishindana mbio na Mama Aisha, Aisha akashinda, na siku nyingine Mtume akashinda, akamtania kwamba hii ni kwa ile. Amepokea Abu Dawud. Kiongozi wa umma, katikati ya msafara, anakimbia na mkewe! Wewe na mimi tunaona haya hata kutembea nao sambamba kwenda sokoni.

Kwa nini Lushoto? Wengine mmesema kwetu kuna milima pia, kwa nini niifuate ya wengine. Ni kweli, na nitarudi hapo. Lakini nilitaka mahali pa baridi, penye Waislamu wengi, pasipo na pilikapilika, na penye historia ambayo watoto wataisoma kwa macho. Washambaa wengi ni Waislamu. Adhana utaisikia, msikiti hauko mbali, kilemba na kanzu havimshangazi mtu, wala mwanamke mwenye hijabu hageukiwi. Hilo peke yake ni nusu ya mapumziko.

Na historia yake ina funzo. Wajerumani waliuita mji ule Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Walipoona joto la Tanga na la tambarare linawachosha, walipanda kule juu kutafuta upepo unaofanana na wa kwao. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo, chini ya mlima, mwaka 1905, na kutoka hapo bwana mkubwa alipandishwa juu akapumzike. Mwenye ardhi alipanda mlima uleule akiwa amebeba mzigo. Mwaka 1916 Waingereza wakauteka mji, na mwaka huohuo huku kwetu Kigoma wakaingia Wabelgiji, wakakaa mpaka 1921. Wazee wa Kibondo mliobahatika kusimuliwa na babu zenu mnajua. Basi nataka mama yangu mzazi, mtoto wa Muhambwe, akae kwenye kiti mahali palepale palipotengwa kwa ajili ya mabwana, anywe chai ya tangawizi, na asiwepo wa kumwondoa.

Kuna kisa kingine cha Usambara watoto wangu wamekidaka kabla hatujafika. Ukoo wa Wakilindi uliotawala Washambaa kutoka Vuga, habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, Mwislamu aliyeishi na watawala hao, katika kitabu Habari za Wakilindi. Wanasimulia kwamba mwanzilishi wao, Mbegha, alikuwa mwindaji aliyetoka Ungulu. Alikuwa hodari wa kuua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akiwagawia watu nyama, nao wakampenda wakamfanya mtawala. Idrisa wangu, miaka 11, akauliza: "Baba, kumbe ufalme ulianza kwa nyama ya nguruwe, na leo ni Waislamu?" Nikamwambia ndiyo, na babu zako wewe pia usiwaulize sana walikula nini. Allah humwongoza amtakaye.

Tuje kwenye mpango wenyewe.

Wakati. Shule zetu zina likizo mbili ndefu, Juni na Desemba. Desemba Lushoto ina matunda, mapeasi na pichesi na plamu, lakini Desemba sisi tuko shambani, palizi haisubiri. Juni mahindi yameshaanikwa na mkononi kuna kitu. Ubaya wa Juni ni baridi. Msinijibu kwamba Mabamba nako kuna ukungu wa asubuhi. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na milima inayouzunguka inaupita, na Juni na Julai ndiyo miezi yake ya baridi kali. Masweta ya mtumba tumeanza kununua sasa hivi, kwa bei ya sasa hivi.

Njia. Ni mbali, sitawadanganya. Tutaondoka Mabamba Ijumaa baada ya swala, tulale Kibondo kwa shemeji. Jumamosi alfajiri tupande basi: Kakonko, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, mpaka Dodoma. Jumapili yote tupumzike Dodoma. Hapo nawasisitiza. Mtume (s.a.w.) ameiita safari kipande cha adhabu, inamzuia mtu usingizi wake, chakula chake na kinywaji chake. Basi usiunganishe adhabu mbili kwa mama wa miaka 70. Siku hiyo tutaswali Msikiti wa Gaddafi, ambao ulifunguliwa mwaka 2010 na ni miongoni mwa misikiti mikubwa kabisa nchini, bibi auone. Jumatatu tutapanda treni ya umeme mpaka Morogoro. Treni hiyo ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, na watoto wangu wanaizungumzia kuliko mlima wenyewe. Morogoro tutashika basi la njia ya Segera mpaka Mombo. Tukifika Mombo jua limezama, tutalala pale. Kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona kupitia Soni, na sitaki kuzipanda gizani na watu wangu. Beba limau na mifuko kwa ajili ya watoto.

Na kwenye kona hizo kuna sunna imekaa kama imetengenezwa kwa ajili yake. Jabir, Allah amridhie, anasema masahaba walipokuwa wakipanda walileta takbira, na wakishuka walileta tasbihi. Iko kwa Bukhari. Nimewaambia watoto: gari likipanda, Allahu akbar, likishuka, Subhanallah. Kazi hiyo itawashughulisha kuliko simu, na huenda dereva naye akapunguza mwendo.

Swala. Hapa mnauliza sana, nitafafanua kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi. Ukishatoka kwenye majengo ya kijiji chako kwa safari ndefu ya halali, unapunguza swala za rakaa nne kuwa mbili: Adhuhuri, Alasiri na Isha. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Unaruhusiwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Safari ya matembezi ya halali ina ruhusa hiyo sawa na ya biashara, usidhani ni kwa wanaokwenda Hijja tu. Lakini ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, basi tangu unapofika unaswali kamili kama mkazi. Sisi tutafika Jumatatu, au Jumanne asubuhi kama tutalala Mombo, na tutaondoka Jumapili. Kwa hiyo Lushoto tunaswali kamili, na Ijumaa tutaswali na wenyeji. Kwa Wahanafi hesabu ni siku 15, usigombane na mtu msikitini kwa hilo.

Udhu wa alfajiri kwenye baridi ile nao unataka maandalizi. Baridi peke yake haikuhalalishii tayamamu ikiwa maji yanaweza kupashwa moto. Wakati wa kuweka nafasi ya chumba, uliza kama kuna maji ya moto alfajiri, walau ndoo. Niliwauliza hivyo, na yule binti kwenye simu akacheka, akasema watu wa swala wote huuliza hilo kwanza.

Chakula na malazi. Usiridhike na kuambiwa tu "sisi tunapokea watu wote". Piga simu, uliza maswali yanayojibika. Jiko lenu linapika kitimoto? Mafuta ya kukaangia ni yaleyale? Baa iko wapi, na ili kufika chumbani mtu anapita katikati yake? Muziki unazimwa saa ngapi? Nyumba mbili za wageni zilinijibu kwa uaminifu kwamba wanauza pombe na baa iko mlangoni, nikawashukuru, nikaendelea. Ya tatu haina baa, ina vyumba viwili vinavyotazamana. Kimoja cha bibi na mabinti, kingine chetu na mdogo, na Idrisa atalala popote atakapoangukia. Chai tutanywa hapo. Mchana na usiku tutakula kwenye migahawa ya Waislamu karibu na soko.

Tahadhari moja ndogo. Milima ile ina watawa na wamisionari wa miaka mingi, na mikono yao ni hodari. Irente kuna shamba la kanisa la Kilutheri linalouza jibini, mkate na jamu. Chakula cha Ahlul Kitab Allah ametuhalalishia kwenye Suratul Maida, na mkate ni mkate, jamu ni matunda na sukari. Lakini upande wa Soni, Sakharani, watawa wa Benedikto hutengeneza divai. Chupa nzuri yenye picha ya tunda si lazima iwe juisi. Soma karatasi yake au uliza, wenyewe ni wakweli, hawatakuficha.

Siku zenyewe sijazijaza. Kuna siku ya kwenda Irente, ukingo wa mlima unaotazama tambarare ya Mombo chini kabisa. Ni mwendo wa miguu kama kilomita tano kutoka mjini, nitakwenda na watoto. Tutasimama pale niwasomee mwisho wa aya za Suratul Ghashiya, zinazotuuliza kama hatutazami mbingu ilivyoinuliwa na milima ilivyosimamishwa. Mara nyingi nimeitafsiri darasani nikiwa nimeipa mgongo milima. Siku nyingine ni msitu wa Magamba, kuna mbega weusi wenye vazi jeupe mabegani, na maporomoko ya Soni tutayaona njiani. Kuna ua dogo la zambarau ambalo leo liko madirishani Ulaya na Marekani, asili yake ni Usambara. Mjerumani mmoja mtawala, von Saint Paul, alituma mbegu kwao, na mwaka 1893 wataalamu wakalipa jina lake. Sumaya ameapa kulitafuta msituni. Nimemwambia kutazama tu, asiling'oe.

Siku zinazobaki hazina ratiba. Bibi anataka kuona mabustani ya mboga yanavyopandwa kwenye miteremko, na hilo halihitaji tiketi. Asubuhi ya kila siku uji au chai italetwa na mimi. Nguo kila mtu atafua zake, na Idrisa amefundishwa tayari. Mama Sumaya akiswali Alfajiri arudi kulala mpaka achoke kulala, na hakuna atakayegonga mlango kuuliza soksi iko wapi. Tumeandika hilo kwenye karatasi, watoto wote wametia sahihi, bibi ameweka dole gumba akicheka.

Picha tutapiga, za milima. Za mke wangu zitabaki kwangu, wala msinitumie ujumbe wa kuzidai.

Sasa wewe usiye na uwezo wa nauli hiyo. Nauli peke yake itakula zaidi ya nusu ya fungu letu, na sitaki mtu akauze shamba. Unaye mlima wako. Nenda Kasulu, panda Heru Juu, palipokuwa kiti cha Mwami wa Heru, waeleze wanao habari za Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala pale. Fungasha ugali na migebuka, lakini upike wewe au ununue, asipike mkeo. Au ukishindwa hata Kasulu, chukua Jumapili moja, mpeleke mama watoto kwa dada yake akalale huko siku mbili, wewe ubaki na watoto na sufuria. Hiyo nayo naihesabu safari, na haina nauli kubwa.

Darsa la Jumatano na la Jumamosi yatasimama wiki mbili. Watoto wa madrasa watasomeshwa na mwalimu msaidizi kila baada ya Alasiri, wazazi msiwazuie nyumbani mkadhani ustadhi hayupo. Mwenye kujua mgahawa mzuri wa Kiislamu Mombo au Korogwe aniandikie. Na mwenye sweta la kike la saizi ya bibi, nene, rangi yoyote isiyopiga kelele, natafuta la kununua.

Wabillahi tawfiq.